SHUKRANI NI HESABU YA KILA SIKU

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, nayo imechapwa hapa kwa agizo la Kamati)



Kamati ilipotuagiza tuseme maneno machache baada ya kusomwa kwa hesabu za mwaka, tulidhani tutapewa habari ya ada au ya mazishi, maana hizo ndizo kazi tuzijuazo. Lakini Wazee walituambia tuseme juu ya shukrani za kila siku katika maisha ya Mkristo. Tulisitasita. Karani amezoea kuhesabu madeni, na mtu aliyezoea kuhesabu madeni si mwepesi wa kuhesabu fadhili. Lakini kwa sababu hiyo hiyo tuliona yatupasa kukubali, kwa kuwa mwaka huu Mungu alitufundisha jambo hili kwa kutumia vitabu vya Chama hiki, nasi tungali tunaona haya kidogo tunapolisimulia.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Kila siku twasema "asante" sokoni, garini na mezani, wala hatulifikiri. Neno hili lilitufikia kutoka Kiarabu, na maana yake huko ni "umetenda vema". Basi asemaye asante anashuhudia kwamba kuna mtu aliyetenda, na kuna jambo alilolitenda, nalo lilikuwa jema. Asiyemjua mtendaji wala tendo hawezi kusema neno hili kwa kweli. Hutoa sauti tu. Ndivyo zilivyo sala zetu nyingi. Twasema, "Ee Mungu, twakushukuru kwa yote," kisha twaketi. Tukiulizwa hayo yote ni yapi, twakaa kimya. Karani akimletea Mwenyekiti kitabu kilichoandikwa ukurasa mzima "Tumepokea vyote," bila jina, bila tarehe, bila kiasi, je, Mwenyekiti atakitia sahihi? Hata kidogo. Lakini hesabu ya namna hiyo ndiyo tumpelekeayo Mungu jioni kwa jioni.

Pili, kwa nini tuseme kila siku? Kwa nini isitoshe Jumapili, au sikukuu ya mavuno? Tukumbuke habari ya Waisraeli jangwani katika kitabu cha Kutoka. Waliamriwa kuokota mana kila asubuhi, pishi moja kwa kila mtu, wasibakize hata asubuhi. Waliobakiza waliiona imeingia mabuu na kunuka. Siku ya sita tu waliruhusiwa kuokota maradufu kwa ajili ya sabato. Mungu aliwafundisha watu wake kupokea kwa siku, na apokeaye kwa siku imempasa kushukuru kwa siku.

Tena katika Mambo ya Walawi, mlango wa saba, iko sheria ambayo wengi wetu huipita upesi tunaposoma. Mtu aliyetoa sadaka ya nadhiri aliweza kula nyama yake siku ile, na iliyosalia akaila kesho yake. Lakini aliyetoa sadaka ya shukrani aliagizwa nyama iliwe siku ile ile, isisalie hata asubuhi. Wazee mnaofuga mwajua maana yake. Mnyama mzima hamalizwi na mtu na mkewe kwa siku moja. Ilimpasa mwenye kushukuru aite jamaa, aite jirani, amkaribishe na yule asiye na kitu. Basi shukrani ya kweli haikuwekwa akiba, wala haikuliwa faraghani. Twaliona jambo hili kuwa kama msingi wa vyama vyetu: alichotutendea Mungu leo, na kifike kwa mwingine kabla ya kesho.

Sasa, ndugu wanachama, mtuwie radhi tuwasimulie yaliyotupata.

Miezi michache iliyopita Kamati ilitutaka tutengeneze orodha ya wanachama waliochelewa kulipa ada kupita muda ulioandikwa katika kanuni zetu, ili majina yao yafikiriwe kufutwa. Hiyo ni haki ya Kamati, tena ni kazi yetu. Tuliketi usiku nyumbani, taa mezani, tukaiandika orodha kwa wino mwekundu. Miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja ambaye kazi yake ni ulinzi wa usiku hapa Mombasa. Jina lake hatulitaji, kwa maana yumo humu ndani pamoja nasi. Tulimwandika, tukaendelea.

Karani mwema hakiamini kitabu kimoja. Kwa hiyo tulikifungua kitabu cha michango ya misiba, tupate kuona kama kuna fedha iliyoandikwa mahali pasipo pake. Tulipofunua, tukakuta ukurasa tulioandika wenyewe, wa msiba wa marehemu baba yetu. Mtakumbuka kwamba baba alifia hapa mjini alipokuja kutibiwa, na Chama hiki ndicho kilichomrudisha nyumbani akazikwe karibu na wazee wake. Katika mstari wa nne lilikuwamo jina la mlinzi yule, na mchango wake ulikuwa sawasawa na ada ya miezi miwili. Tukakirudia kitabu cha ada. Mpaka mwezi ule wa msiba wetu alikuwa amelipa bila kukosa hata mwezi mmoja. Nafasi tupu zilianzia hapo.

Tulikaa kitambo kirefu hatuandiki kitu. Mkono uliolipokea jina lake siku ya msiba ndio mkono uliokuwa ukiliandika ili lifutwe, tena kwa kalamu ile ile. Wala hatukuwa tumemwambia asante. Siku ya mazishi tulisimama tukawashukuru "wote waliotusaidia", tukaona tumemaliza.

Kesho yake jioni tulimwendea kabla hajatoka kwenda kazini. Alipotuona na mfuko wetu wa karatasi alifadhaika, akasema, "Karibu, Bwana Karani. Najua umekuja kwa habari ya lile deni." Tulimjibu kwamba tumekuja kwa deni kweli, lakini deni lenyewe ni letu. Tukamweleza tulichokiona kitabuni, tukamshukuru kwa ajili ya baba yetu. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, mwezi ule mshahara ulikuwa mmoja na haja zilikuwa mbili. Ada yaweza kungoja. Maiti haingoji mwisho wa mwezi." Alipokuwa amekwisha kurudi nyuma, shida nyingine zikafuata, akaona haya kuja mkutanoni.

Tulimwuliza imekuwaje asiwe na uchungu juu yetu. Alitujibu kwa habari ya kazi yake. Alisema kwamba kila kukipambazuka, kabla ya kumpa mwenzake funguo, husimama langoni akamshukuru Mungu kwa jambo moja: usiku umepita na hakuna mtu aliyemwaga damu. "Watu wengine," akasema, "hushukuru kwa yaliyotokea. Mlinzi hushukuru kwa yasiyotokea. Mtu azoeaye hivyo kila alfajiri hapati nafasi kubwa ya uchungu."

Ndugu, sisi tulisomeshwa na wamisionari mpaka shule ya sekondari, tukafundishwa Maandiko na kuyafanyia mitihani. Lakini somo hili tulilipata mlangoni kwa mtu aliyetuambia kwamba shuleni hakukaa sana. Wahenga walinena, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Sisi tulikuwa tumesahau.

Hapo ndipo tulipoielewa upya ile habari katika Injili ya Luka, ya wakoma kumi waliosimama mbali wakamlilia Yesu. Aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, nao walipokuwa njiani wakatakasika. Mmoja akarudi, akaanguka miguuni pake akamshukuru, naye alikuwa Msamaria. Siku zote tumewalaumu wale tisa. Lakini tuwatazame vema. Wale tisa hawakuvunja amri yoyote. Waliambiwa waende kwa makuhani, wakaenda. Kama wangekuwa wanachama wa Chama hiki, tungekuta risiti zao zote zimetimia. Walitimiza kanuni, wakamsahau aliyewaponya. Na Bwana aliuliza wako wapi. Kwa hiyo mtu aweza kuwa mwanachama asiye na deni hata senti moja katika vitabu vyetu, naye bado ni mmoja wa wale tisa. Tunawaambia hivi tukijua kwamba sisi wenyewe, ambao ada yetu imelipwa yote, tulikuwamo katika hesabu hiyo.

Lakini huenda mzee mmoja akasema moyoni, "Kijana huyu asema vizuri, lakini yeye hajazika mtoto, hajafukuzwa kazi, hajalala na njaa. Mtu ashukuru nini siku ya msiba?" Swali hili ni la haki, nasi hatutaki kulikimbia.

Sisi tukaao Mombasa tuna jibu karibu nasi, ng'ambo ya maji, upande wa Nyali. Mwaka 1844 alifika hapa mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na Church Missionary Society. Mwezi wa Julai mwaka ule ule mkewe, Rosina, alijifungua mtoto wa kike. Baada ya siku chache mama akafa kwa homa, na mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa siku zizo hizo. Kaburi lile lilikuwa miongoni mwa matunda ya kwanza ya safari yake. Hatusemi kwamba alishukuru kwa kufiwa. Hakuna mtu mwenye moyo awezaye kumwambia mwenzake hivyo. Lakini aliwaandikia wakuu wake kwamba kaburi lile liwe kwao alama ya kuwa kazi katika pwani hii imekwisha kuanza. Alibaki. Mwaka 1846 mwenzake Rebmann alimfikia, wakaanzisha kituo cha Rabai. Alijifunza Kiswahili, akatafsiri sehemu za Maandiko, akakusanya maneno ya kamusi kubwa. Kamusi ile ilitoka mwaka 1882, na yeye alikuwa amekufa mwaka 1881. Mwaka 1875 ukaanzishwa mji wa Freretown, makao ya watu waliokombolewa utumwani, na mahali kengele yao ilipotundikwa hata leo panaitwa Kengeleni. Wengi wetu twapita hapo kila siku tukienda kazini, macho yetu yakitazama saa tu.

Basi, siku ya msiba Mkristo hatakiwi kuuita uovu wema. Ayubu alipopata habari za watoto wake alirarua joho lake na kunyoa kichwa chake. Alilia kwanza kama binadamu, ndipo akamsujudia Mungu. Paulo na Sila walipigwa fimbo kule Filipi wakafungwa miguu katika mkatale, na usiku wa manane waliimba na kuomba. Lakini kulipopambazuka, wakuu wa mji walipotaka kuwatoa kwa siri, Paulo alikataa. Alidai haki yake kama raia wa Rumi, akataka wakuu wenyewe waje kuwatoa. Tulishike jambo hili sana. Watu wengine huitumia shukrani kama kitambaa cha kuwafunga wenzao kinywa. Mfanyakazi akidai mshahara wake huambiwa, "Shukuru kwamba una kazi." Mjane akidai shamba la marehemu mumewe huambiwa, "Shukuru kwa ulichoachiwa." Paulo alimshukuru Mungu usiku, akadai haki asubuhi, wala hakuona vita kati ya mambo hayo mawili. Tumshukuru Mungu kwa wema wake, na uonevu wa wanadamu tuuite uonevu.

Tena iko shukrani nyingine ya kujihadhari nayo. Katika Luka mlango wa kumi na nane, yule Farisayo aliyesimama hekaluni alianza sala yake kwa kushukuru. Lakini alishukuru kwa kuwa yeye si kama watu wengine, hasa yule mtoza ushuru aliyesimama nyuma. Alikuwa na hesabu yake, ya kufunga na ya zaka, imetimia kama kitabu kilichokaguliwa. Hakurudi nyumbani na haki. Tukishukuru kwa sababu mtoto wetu amefaulu na wa jirani ameanguka, au kwa sababu nyumba yetu ina bati na yake ya makuti, tumeshukuru kwa kumkanyaga mtu.

Sasa tuseme jinsi ya kufanya, maana Wazee hawapendi hotuba isiyo na kazi ndani yake. Tutataja mambo matatu, nayo hayahitaji fedha.

Asubuhi, kabla ya kutoka, tumshukuru Mungu kwa jambo moja la usiku uliopita, tukilitaja kwa jina lake: homa ya mtoto imeshuka, mlango haukuvunjwa, mvua imeingia pipani. Jambo moja lililotajwa lapita kumi yasiyotajwa.

Wakati wa chakula, kabla ya kula, tukumbuke kwamba Bwana wetu alishukuru akiwa na mikate mitano mbele ya maelfu ya watu, kabla haijatosha. Tena alishukuru usiku ule aliosalitiwa, na kwa sababu hiyo Wakristo wengi huita meza yake Ekaristi, neno la Kiyunani ambalo maana yake ni shukrani. Nasi mezani tusimsahau mama aliyepika na aliyebeba maji. Baba amshukuruye Mungu kwa ugali, wala hamwambii mkewe asante hata siku moja, anawafundisha watoto wake kwamba sala ni mchezo. Watoto wasioambiwa asante hawatajifunza kuisema. Na wahenga walikwisha kutuonya kwamba shukrani ya punda ni mateke.

Jioni, kabla ya kulala, tuulizane nyumbani: Leo ni nani aliyetutendea wema, na je, tumemwambia? Ikiwa bado, tusingoje sikukuu. Ile nyama isisalie hata asubuhi. Aliye karibu, tumwendee. Aliye mbali, tumpelekee neno. Aliyekwisha kufa, tumtendee wema mwanawe.

Mwisho, tuna ombi kwa Chama. Tunaomba kwamba katika kila mkutano, mara baada ya sala ya kufungua, kabla ya kusomwa madeni, Karani asome majina ya waliotenda wema tangu mkutano uliopita: aliyekesha na mgonjwa hospitali, aliyesafiri na jeneza, aliyempokea kijana mgeni akamtafutia mahali pa kulala. Majina hayo yaandikwe katika kitabu pamoja na tendo na tarehe. Hatuombi zawadi kwao, wala hatuombi ada zao zisamehewe. Kanuni ni kanuni, na chama kisichokusanya ada hakitamzika mtu. Twaomba tu kwamba kitabu chetu kiseme kweli yote, yaani kile wanachama wanachodaiwa, na kile ambacho Chama chadaiwa nao.

Nanyi mtapenda kujua mwisho wa habari ya mzee wetu. Kamati ilipoelezwa, ilimpa nafasi ya kulipa kidogo kidogo. Wengine walitaka deni lake lifutwe, lakini yeye mwenyewe alikataa, akasema mchango wa msiba alitoa kwa hiari na ada anadaiwa kwa haki, na mambo hayo yasichanganywe. Amekwisha kulipa mwezi mmoja. Miezi iliyobaki ingali imeandikwa kwa wino mwekundu. Lakini pembeni ya jina lake, kwa ruhusa ya Mwenyekiti, tumeandika kwa wino mweusi tarehe ya mazishi ya baba yetu, ili karani atakayetufuata, akilisoma deni lile, asome na sababu yake.

Na kwa kuwa tumesema kwamba shukrani yapasa kutaja tendo, basi twataja: twawashukuru kwa gari mlilolipia, kwa sanda mliyonunua, kwa wanne walioketi na mwili wa baba yetu usiku kucha njiani mpaka nyumbani, na kwa mmoja aliyetoa ada ya miezi miwili. Siku ile hatukuyasema haya inavyopasa. Tunayasema leo, na Mungu aliyewatuma kwetu apewe sifa.